Mke Wangu Anataka Kumjua Fedora

Mshauri wetu, shikamoo. Naomba unisikilize mpaka mwisho kabla hujanihukumu, maana huku nyumbani nimeshahukumiwa na watu wawili ambao hawakunisikiliza hata nusu, na Jumamosi hii nitahukumiwa tena mbele ya shemeji zangu.

Mimi ni fundi saa, nina miaka hamsini na minane, na katika ndoa yangu ya miaka thelathini sijawahi kuwa na mwanamke mwingine, wala sisemi hivyo kwa kujisifia ucha Mungu, ni kwa sababu kazi yangu ni ya kuinama tangu asubuhi na lenzi imebanwa jichoni, na mtu aliyeinama hivyo nani atamwona? Mke wangu ni mchapaji. Kona ya sebule iliyo karibu na dirisha ndiyo ofisi yake, pana meza, kompyuta, na printa iliyokalishwa juu ya kreti la soda, na watu wa mtaa mzima humletea karatasi zao zilizoandikwa kwa mkono, barua za kuomba kazi, mikataba ya kupanga nyumba, mialiko, risala za kustaafu, naye huzichapa zikatoka zimenyooka. Amefanya kazi hiyo miaka kumi na mmoja kwenye kompyuta hiyo hiyo moja.

Sasa kompyuta imezeeka. Ukiibonyeza iwake unaweza kwenda kuoga, ukavaa, ukafunga na viatu, ukarudi ukaikuta bado inafikiri. Juu ya hayo ikaanza kuleta tangazo kwenye skrini kwamba mfumo wake endeshi, ile programu kuu inayoiendesha, umefika mwisho, hautapata tena masasisho ya usalama, na afadhali tununue kompyuta nyingine. Mke wangu kila asubuhi anasonya na kusema, "Siku moja nitaitupa hii dirishani," na mimi, mshauri, nikawaza moyoni kwamba mwenzangu amenivumilia miaka thelathini, ngoja nimtengenezee hii kitu kimyakimya, siku moja aiwashe iwake kama taa, ashangae. Nia yangu ilikuwa hiyo tu.

Nikamwendea fundi wa kompyuta wa mtaa wa pili, tunamwita Fundi Waya, akanieleza kwamba kuna mifumo endeshi ya huria, isiyouzwa, ambayo mtu anaipakua na kuiweka hata kwenye kompyuta kongwe, na kila mmoja una jina lake, kuna Ubuntu, kuna Linux Mint ambao yeye anauita Minti kwa kifupi, kuna Fedora, na mingine mingi hata nikachanganyikiwa. Sasa Fundi Waya ana tabia moja, kwake kila kitu cha kompyuta ni mtu, printa "amenuna", kebo "amechoka", na wahenga walisema ukienda kwa wenye chongo fumba jicho lako, basi nami nikajikuta naongea kama yeye.

Jumatatu asubuhi alinipigia simu nikiwa kibandani kwangu, mikono yote miwili ndani ya saa ya mteja, kwa hiyo nikaiweka simu mezani nikafungua spika. Sikujua kwamba mke wangu amesimama nje nyuma ya pazia, amekuja kuchukua ufunguo wa nyumba. Ngoja nikuandikie tulivyoongea, kwa sababu yeye ameyakariri yote na amemsomea mama yake neno kwa neno.

"Mzee, umeshaamua?" akaniuliza Fundi Waya.

"Bado. Kuna mteja wangu mmoja anamsifu sana Fedora."

"Fedora mzuri, nani anakataa? Ila anapenda mambo mapya. Kila baada ya miezi sita amebadilika. Mgeni kama wewe atakukimbiza mbio. Mchukue Minti. Mpole, hana makuu, na hata vyombo vya zamani anavikubali."

"Nitamjaribu kwanza lakini?"

"Kwa nini usimjaribu! Mjaribu hata wiki nzima, hakuna kitu kitakachoguswa nyumbani. Akikukera unamtoa. Ukiridhika naye ndipo unamsakinisha."

"Na wa zamani nitamfanyaje?"

"Wa zamani una njia mbili. Waache wakae pamoja, kila asubuhi uwe unachagua leo unamtaka yupi."

"Hawatagombana?"

"Hawagombani, ni nafasi tu itakuwa ndogo. Lakini mimi nakushauri umfute kabisa. Yule mzee sasa. Mzito. Kuamka kwenyewe mpaka umngoje!"

Nami nikacheka, mshauri. Hilo ndilo linaloniuma. Nikacheka kwa sauti nikasema, "Hapo umesema kweli, kaka."

Pazia likafunguka. Mke wangu akachukua ufunguo kwenye msumari, akanitazama kuanzia kichwani mpaka kwenye viatu, akaondoka. Niliporudi mchana nikamkuta mama mkwe wangu amekaa kwenye kiti changu na mkoba mapajani.

"Mkwe wangu," akasema, "sikuja kugombana. Nauliza tu, huyo Fedora ni nani?"

"Mama, Fedora si mtu, ni mfumo."

"Mfumo. Ana umri gani huo mfumo?"

Mimi ni mtu wa kujibu ninachoulizwa, na Fundi Waya alikuwa ameniambia, nikajibu, "Miaka ishirini na kitu, mama."

"Na yule mwingine?"

"Minti? Ni mdogo kwake kidogo."

Mke wangu akapiga makofi mara moja, akamwambia mama yake, "Si nilikwambia? Anasema bila hata kupepesa macho."

Nikajaribu kuwaelewesha, nikasema jamani hii ni mifumo ya huria. Mama mkwe akaniuliza, "Huria maana yake hana mwenyewe?" Nikasema anao wenyewe wengi, mama, dunia nzima wanamshughulikia kwa pamoja, na yeyote anaweza kumchukua bure, akitaka ampe na jirani yake. Mama mkwe akasimama akatafuta viatu vyake. Mke wangu akafunika kompyuta kwa shuka, akaniambia, "Baba, Jumamosi kaka zangu watakuja. Ukae mbele yao uwaeleze unamleta nani kwenye nyumba hii. Wasiporidhika, nachukua kompyuta yangu nahamia kwa mama, na wewe ubaki na hao wepesi wako."

Nimebakiza jambo moja ambalo sijamwambia mtu, na nalitoa kwako kwa sababu jina langu halitatokea. Wiki moja kabla ya simu hiyo, Fundi Waya alinipa flashi yenye Minti ndani, na mke wangu alipokwenda kupeleka kazi ya mteja nikaichomeka kwenye kompyuta yake, nikafuata maelekezo, nikabonyeza hiki na kile, mpaka ikaja sentensi inayouliza kama nataka kufuta diski na kusakinisha. Nikasema naam, ndiyo yale maneno aliyoniambia fundi aliponipa flashi, diski ndiyo huyo mzee mzito, afutwe. Kidole kilikuwa tayari juu ya kitufe, jirani akabisha hodi akiulizia mkataba wake, nikashtuka, nikazima kompyuta, nikachomoa flashi. Tangu hapo nikaogopa, ndiyo maana kwenye simu nilimuuliza mambo upya. Iliwaka vizuri siku ya pili, hakuna kilichoharibika, lakini nilipomuuliza Fundi Waya juzi kama diski ni huo mfumo wa zamani peke yake, aliniuliza kama mke wangu ameweka nakala za kazi zake mahali pengine. Sijui, mshauri. Sijawahi kumuuliza.

Naomba msaada wako kwa mambo mawili. Kwanza, kwa mtu anayeanza na kompyuta kongwe, nichague upi, Minti, Ubuntu, au huyo Fedora ambaye bado nasikia anasifiwa? Pili, Jumamosi niseme nini?

Wako, Fundi Saa, mume wa mchapaji.

MSHAURI ANAJIBU

Fundi Saa, marahaba. Nimeisoma barua yako mara mbili, mara ya kwanza nikicheka mpaka mhariri akachungulia mlangoni, mara ya pili nikiwa sicheki tena. Nitakuambia ni wapi nilipoacha.

Tuanze na sarufi, kwa sababu ndiyo iliyokuchongea. Mfumo ni neno la ngeli ya mti na mkate. Mti tunaupanda, mkate tunaula, mfumo tunaujaribu. Ungemwambia fundi wako "nitaujaribu kwanza", mkeo angechukua ufunguo wake akaenda zake. Wewe ukasema "nitamjaribu". Herufi moja, bwana, ukaipeleka mashine kwenye ngeli ya watu, ukaivika na jina la kike. Hapo ulipouliza juu ya "wa zamani" ndipo ulipojimaliza, kwa kuwa "wa" hiyo inatumika kotekote, mfumo wa zamani, mke wa zamani, na asiyeuona mfumo atamwona mke. Na "kusakinisha" ni neno zuri lililoletwa na watu wa kompyuta kwa maana ya kuweka programu kwenye mashine, lakini kabla yao lilikuwa na maana ya kumpa mtu makao. Mama mkwe wako ni mtu mzima, Kiswahili anakijua. Alikisikia kama kilivyo.

Kwa hiyo usiwalaumu. Ungekuwa wewe ndiye mke, ukasikia mumeo anacheka akiambiwa yule mzito afutwe, mpole aletwe, nawe umesimama nje ya pazia, ungeomba ufafanuliwe mifumo endeshi?

Lakini nikuambie kilichonikatisha kicheko. Mkeo anakushtaki kwamba unaleta mgeni nyumbani mwake bila kumuuliza, na kwamba ulikuwa tayari kumfuta aliyepo. Fundi Saa, amekosea mtuhumiwa. Shtaka hajakosea. Ulikuwa unamchagulia mwenzako kitu atakachokaa nacho kuanzia asubuhi hadi jioni, wewe usiyechapa hata risiti, ukishauriana na mwanamume mwingine kibandani. Na wiki moja kabla kidole chako kilikuwa juu ya kazi ya miaka kumi na mmoja. Diski si mzee mzito. Diski ni kabati lenyewe: mfumo umo humo, barua zote zimo humo, mikataba imo humo. Ungebonyeza, angerudi akakuta kompyuta nyepesi kweli, nyepesi kama ndoo tupu. Jirani yako na hodi yake ameiokoa ndoa yako, mwombe saa yake umtengenezee bila malipo.

Sasa maswali yako. Kwa mtu anayeanza, jibu langu ni Linux Mint. Fundi Waya hajui ngeli lakini hapo hajakudanganya. Sura yake haimtishi aliyezoea kompyuta za kawaida: menyu iko chini kushoto, madirisha yanafungwa kwa alama ile ile ya msalaba, programu ya kuandikia barua inakuja humo humo. Una toleo jepesi mahsusi kwa mashine za umri wa hiyo yenu. Mwambie fundi akupe hilo, na kwanza aangalie kumbukumbu ya kompyuta. Ikiwa gigabaiti nne, mtakwenda vizuri. Ikiwa mbili, mtakwenda kwa kuvumiliana. Ubuntu nao ni chaguo jema, una watumiaji wengi, na mwenye swali hakosi wa kumjibu. Mimi mwenyewe ndio ninaoutumia hapa ofisini, na hakuna aliyeniitia kikao. Fedora ni mfumo wa heshima kabisa, ila unapenda kutangulia, na anayeanza hahitaji kukimbizwa. Mingine utakayosikia ikisifiwa na vijana wanaojenga kila kitu kwa mikono yao wenyewe, iache. Wewe hukujifunza saa kwa kuanza na ile yenye vipande mia tatu.

Na neno "huria" ulifafanue vizuri, maana umelivuruga. Maana yake ni kwamba maandishi yaliyotengenezea mfumo hayakufichwa; anayeyaelewa anaruhusiwa kuyasoma, kuyarekebisha na kuwagawia wengine. Haina maana kwamba kila mtu ataona kilicho ndani ya kompyuta ya mkeo. Mwambie hivyo kabla hajauliza, kwa sababu atauliza, na watu wanaomletea barua zao za siri watauliza pia.

Kuhusu Jumamosi, usiingoje. Leo, barua hii ikiwa bado mkononi, mkalishe mkeo peke yake, mama mkwe akiwa hayupo, umwambie habari ya flashi. Yote, na kidole, na jirani. Usianze na "Fedora si mtu", hiyo umeshaijaribu na tumeona ilivyokufikisha. Anza na "nilitaka kubadilisha kompyuta yako bila kukuuliza, na karibu nikupotezee kazi zako zote." Atakasirika. Mwache akasirike; ni hasira ya haki, na itakuwa imempata mwenyewe, badala ya kumtafuta msichana asiyekuwepo.

Kisha muombe ruhusa, na akikupa, muweke nakala ya kazi zake mara mbili, moja kwenye diski ya nje na nyingine kwenye flashi kubwa, na muifungue nakala moja moja kwenye kompyuta ya fundi kuona kama zinasomeka. Nakala ambayo hujaifungua ni matumaini tu. Wewe mwenyewe humrudishii mteja saa kabla hujaisikiliza.

Hao shemeji wakifika, usitoe hotuba. Ondoa shuka, chomeka flashi, washa. Minti utafunguka kutoka kwenye flashi bila kuugusa mfumo wa zamani, mradi ile alama ya kusakinisha iliyopo kwenye skrini msiibonyeze. Utakwenda polepole kidogo kwa kuwa unasomwa kutoka kwenye flashi, msiuhukumu kwa hilo. Mpe mkeo kiti na kipanya, wewe simama nyuma na mikono yako mifukoni. Achague mwenyewe kazi tatu zilizowahi kumsumbua, labda mkataba wenye majedwali, au mwaliko wenye herufi za mapambo, azifungue, aone kama mistari imekaa mahali pake, na azichape kwa printa yake. Printa ndiyo huleta ubishi mara nyingi kuliko mfumo. Ikikubali, kazi kubwa imekwisha. Kukiwa na programu anayoihitaji ambayo haiendeshwi isipokuwa na mfumo wa zamani, basi mifumo yote miwili ibaki, nafasi ikiruhusu, na huo wa zamani usiunganishwe na mtandao. Na msisakinishe chochote katika wiki ambayo wateja wamejaa mlangoni.

Mpe pia flashi ya pili yenye Ubuntu, alinganishe. Akisema Minti, iwe Minti. Akisema Ubuntu, iwe Ubuntu. Akisema anabaki na mfumo wa zamani mpaka mwakani, funga mdomo wako, kompyuta ni yake. Na akisema, mbele ya kaka zake wote, kwamba anataka Fedora, maana mtu aliyesimangwa kwa jina fulani hutamani kumwona mwenye jina, usimrekebishe wala usimkumbushe kwamba ni mgumu kwa mgeni. Nenda kamletee Fedora. Atakwama, kila mwanafunzi hukwama, na atakapokwama atageuka kukuuliza. Utakuwa hujui jibu. Sogeza kiti, kaa karibu naye, mtafute jibu pamoja.